Debe la Marehemu

Mteja wa risasi haanzi kwa kuuliza bei. Huegemeza viwiko juu ya kaunta, hugeuka kutazama mlangoni kama mtu anayenunua dawa ya ugonjwa wa aibu, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Gani ndiyo inaangusha mtu?" Nilisikia swali hilo kwa miaka kumi na minne nikiwa karani katika duka la bunduki na vifaa vya uvuvi mjini Kisumu. Jibu lake nililijua kama sala. Nililitoa sawasawa kwa waoga na kwa wenye majivuno, kwa Wazungu wa mashamba ya miwa na kwa machifu waliotaka tu kuonekana wana silaha. Kwa mtu mmoja sikulitoa sawasawa, na mtu huyo alikuwa rafiki yangu.

Sentensi hiyo nimeiahirisha kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Msomaji asitarajie kwamba nikifika mwisho nitakuwa nimepata nafuu. Sikuipata, na wala siitafuti hapa.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee, mwembamba, mwenye pumu, aliyeletwa Kisumu angali mtoto na aliyejua Kijaluo kuliko baadhi ya wajukuu wangu. Upande wa kushoto wa duka aliuza ndoano, nyuzi na nyavu. Upande wa kulia, nyuma ya wavu wa chuma, zilikuwepo bunduki za kufukuzia viboko mashambani na bastola chache. Wavuvi wa Asembo Bay walikuja kununua nyuzi, wakaganda kwenye wavu ule wakichungulia, mpaka Mzee awaulize kwa Kijaluo kama siku hizi samaki wanavuliwa kwa bastola.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kila Jumamosi asubuhi mama mmoja wa Nyamasaria alituletea shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Tulilisimamisha uani, mbele ya ukuta wa mawe, tukalivisha koti kuukuu la sufu. Polisi walikuwa na habari, na majirani walikwisha kuzoea. Mzee alichukua bastola ndogo ya mfukoni, ile inayofichika ndani ya kiganja, akapiga risasi mbili za kichwa laini na mbili za kichwa kigumu, kisha akanipa kisu nipasue shina nizitafute. Zile laini nilizikuta karibu na ngozi ya mgomba, zimebonyea, zimejaa nyuzi za koti. Zile ngumu, zilizovishwa shaba, zilikuwa zimekwenda ndani kabisa na umbo lake halikuharibika.

"Bunduki kubwa iko na nguvu ya kuchagua," Mzee aliniambia. "Hii mtoto haina. Wewe patia yeye kitu inaingia ndani. Na iwe kavu. Kavu kwanza, halafu gumu."

Ukavu ndio uliokuwa taabu ya mji wetu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, ziwa lilipofura na kukataa kurudi mahali pake, maji yaliingia katika ghala tulilopanga karibu na gati. Yalikaa humo siku mbili kabla hatujaweza kufungua mlango. Tulitoa masanduku yakichuruzika maji, tukaanika risasi uani juu ya magunia kama omena, dagaa wa ziwa letu. Zilikauka. Ukizitazama, nyingi zilikuwa nzuri, ila zingine zilishika ukungu wa kijani huko nyuma, kuzunguka fataki, ile duara ndogo inayogongwa na pini ili baruti iwake. Mzee alizijaribu kumi. Sita zililia na nne zililala, na hakuna aliyeweza kujua mapema ipi ingelala. Zilizobaki alizitia katika debe la biskuti, akaliandika kwa chaki kwamba ni za kupelekwa polisi ziharibiwe. Polisi wakatuambia tusubiri barua. Basi debe likakaa chini ya kaunta miaka na miaka, nasi tukalipa jina, debe la marehemu. Tulicheka kila tulipolitaja.

Rafiki yangu aliingia Kisumu muda mfupi baada ya uhuru, na lori kuukuu lililojaa viazi na kabeji kutoka kwao, Mlima Kenya. Alikuwa Mkikuyu mnene, mcheshi, na msahaulifu wa ajabu. Kofia yake ilibaki kila mahali alipoivua. Alipanga chumba pale njia panda ya Mamboleo, akauza viazi, baadaye akaongeza mafuta ya taa na misumari, akamleta mke na watoto. Tulikutana kanisani. Aliimba nyimbo za Kijaluo kwa sauti nzito bila kuelewa neno hata moja, akamaliza kila ubeti nyuma ya watu wote, na baada ya ibada akanijia na kunishika mkono. "Omera," alisema, yaani ndugu, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza la Kijaluo alilofundishwa mjini na alilipenda, "mimi ninaimba vibaya ama ni nyinyi mnaharakisha?"

Naeleza jambo moja tu alilonitendea, nisije nikaonekana nalia kupita kiasi. Binti yangu mdogo aliugua surua, ikamwingia kifuani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na barabara ya kwetu ilikuwa tope tupu. Rafiki yangu alikuwa ndiyo kwanza amefika na lori la viazi, wateja wake wanamngojea. Aliwaacha hapo hapo mvuani. Alituendesha hadi hospitali, akakaa nasi siku nzima akimbeba mtoto begani kila mke wangu alipochoka, huku viazi vyake vikilowa kule nje. Binti huyo yu hai, ni nyanya wa watu. Kila ninapomwona akicheka nakumbuka bega lile.

Kisha ukaja ule mwaka, mwishoni mwa miaka ya sitini, ambao watu wa Kisumu hatuutaji kwa raha. Siasa ilikuwa imegawanya nchi, Mjaluo huku na Mkikuyu kule, na mji wetu ukachafuka. Palikuwa na milio barabarani, palikuwa na amri za kutotoka nje, palikuwa na maduka yaliyofungwa ambayo wenyewe hawakurudi tena. Kanisani watu walianza kukaa kwa makundi. Rafiki yangu aliendelea kukaa karibu nami, lakini hakuimba tena.

Miezi ile alifariki mzee mmoja wa ukoo wa mama yangu, upande wa pili wa Mamboleo. Sisi Wajaluo, mtu mzima wa aina hiyo akifa, wanaume hutoka na ng'ombe, mikuki na ngao, wamejifunga majani na kujipaka majivu, wakakimbia hadi mpakani kukifukuza kifo. Huitwa tero buru. Hupigana na adui asiyeonekana, huchoma hewa kwa mikuki, hupiga mayowe, kisha hurudi nyumbani wakiwa hoi. Kwa anayejua, hayo ni machozi ya wanaume. Asiyejua huona jeshi.

Nilikuwa nimeketi dukani kwa rafiki yangu mchana huo, nakunywa chai, tukasikia pembe na kishindo cha ng'ombe. Nilimwambia, "Hiyo ni matanga tu, mzee." Hakunisikia. Alikwisha kusukuma mke na watoto chumba cha nyuma, akarudisha mlango, akasimama nyuma yake. Msafara ukapita barabarani. Mmoja wao akajitenga, akaukimbilia mlango wetu na mkuki juu, anapiga mayowe jinsi desturi inavyotaka, akausukuma kwa mguu. Ndipo nikaona panga mkononi mwa rafiki yangu, limeinuliwa tayari. Nilimrukia mkono. Panga likakata mwimo wa mlango, kipande cha mbao kikaruka.

Aliyeingia alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Alikuja kuomba maji.

"Yawa!" alisema, akaketi juu ya gunia la viazi. "Huyu mtu anataka kuniua na mimi nalia tu?" Kisha akacheka mpaka majivu yakamwanguka usoni. Mimi pia nilicheka, kwa hofu iliyokuwa inanitoka. Rafiki yangu hakucheka. Alimchotea maji, kisha akarudi kusimama nyuma ya mlango.

Wiki mbili baadaye alikuja dukani na barua ya polisi ya kumruhusu kuwa na bastola. Mzee alikuwa kitandani na pumu yake, nami nilikuwa peke yangu. Alichagua ile ndogo kuliko zote, kwa sababu iliingia mfukoni bila kuvimbisha suruali. Kisha akaegemeza viwiko juu ya kaunta, akageuka kutazama mlangoni, kama wote.

"Omera, sasa risasi. Wewe ungechukua gani?"

"Kwani unataka kumpiga nani?"

"Sitaki kumpiga mtu. Nataka tu, wakikuja tena na ile mikuki, niwe na kitu." Alifuta jasho. "Siku ile nilichelewa. Ile panga ni nzito. Hii si nzito."

Alisema hivyo kwa upole, bila ubaya wowote. Alikuwa anasema juu ya mjomba wangu. Nilikuwa nimemweleza tero buru mara tatu, akaitikia kwa kichwa mara tatu, na bado kichwani mwake walikuwa ni watu wa mikuki wanaokuja. Nikamwona mjomba kwenye gunia la viazi. Nikajua kama ninavyojua jina langu kwamba matanga yajayo pale Mamboleo, mtu wetu mmoja angekufa akiwa anaomba maji.

Lakini nisijitakase. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumemzika mwana wa jirani yangu, aliyepigwa risasi akitoka kununua sukari. Nilikuwa nimerudi makaburini na hasira isiyo na pa kwenda, nami nilikuwa nachukia lugha ya rafiki yangu nilipoisikia sokoni, ingawa yeye sikumchukia. Nimejihoji miaka yote hii ni kipi kilichoniinamisha chini ya kaunta, upendo kwa mjomba au hasira ile. Jibu hubadilika kila ninapojiuliza, kwa hiyo siliamini lolote.

"Ngojea nikutolee stoo," nilimwambia. "Hizi za mbele ni za kichwa laini, hazifai bastola ndogo."

Nililichukua debe la marehemu na kwenda nalo nyuma. Nilichagua zile za kichwa kigumu ambazo ukungu wake ulikuwa hafifu, nikazisugua moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka zikang'aa, nikazipanga katika kisanduku kipya. Zile mpya zilizokuwa ndani ya kisanduku nikazitia katika debe, idadi ile ile, ili Mzee asigundue. Kazi hiyo ilinichukua muda mfupi kuliko kupima nyuzi za mvuvi mmoja.

Niliporudi alitaka kuzijaribu. Nilikuwa nimelifikiria hilo. Nilitia mbili nzima, tukaenda uani, akapiga koti la mgomba akiwa amefumba jicho lisilofaa. Zote zililia. Nikapasua shina nikamwonyesha zilivyoingia, akazishika kiganjani kama mtu aliyeokota jino la mtoto wake.

"Sasa mimi ni mtu," alisema.

Nikamfundisha. Nilimwonyesha kile kidude cha usalama pembeni, kwamba kikiwa juu bastola imelala, kikishuka imeamka, na kwamba asiwahi kukisahau, yeye msahaulifu. Nilimrudishia somo mara kumi. Kila mara alitoa ulimi kidogo kama mwanafunzi. Jambo moja sikumfundisha. Risasi ikigoma kulia, unavuta kifuniko cha juu cha bastola nyuma, ile mbovu inaruka nje na nyingine inaingia. Ni kitu cha kufumba na kufumbua. Kila mteja nilimfundisha. Yeye sikumfundisha, kwa sababu angeniuliza kwa nini risasi mpya igome.

Nilikuwa na nia ya kuzibadilisha mambo yakitulia. Naapa kwa jambo hilo ingawa najua kiapo changu hakina thamani. Mambo yakatulia. Mwaka ukapita, ukaja wa pili. Watu walirudi kukaa mchanganyiko kanisani, naye akarudi kuimba nyuma ya kila ubeti. Matanga mengine yalipita Mamboleo na mikuki yake, na safari hii alisimama mlangoni na ndoo ya maji, kikombe kikielea juu, akiwapungia waombolezaji. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwao. Alikunywa vikombe viwili. Bastola ilikuwa mfukoni, naye hakuigusa hata kidogo.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na aibu. Mtu niliyemwekea risasi zilizolala, kwa kuwa nilidhani hawezi kujifunza, alikuwa amejifunza.

Asubuhi yake niliamua. Nilitaka kulifungua debe, nitoe zile nzima zilizokuwa haki yake, nimpelekee. Kumbe ile barua ya polisi ya kuliharibu, tuliyoisubiri miaka yote, ilikuwa imekuja. Mzee alikuwa anajiandaa kuhama nchi, kama Wahindi wengi wa Kisumu wakati ule, na alitaka kuacha duka safi. Tulilibeba debe hadi gatini mimi na yeye. Maaskari wawili walilipakia katika mashua, wakaenda mbali kidogo na ukingo, wakaliinamisha. Nilisimama nikitazama risasi nzima za rafiki yangu zikimwagwa majini. Mzee aliguna, akasema, "Afadhali. Hii ingeua mtu siku moja." 

Bado nilikuwa na risasi nyingine mpya dukani, na mmiliki mpya, Mjaluo mwenzetu, aliniamini. Nilichukua kisanduku kimoja nikaenda Mamboleo mchana. Rafiki yangu alinikaribisha mezani, mke wake akatuwekea irio, chakula cha kwao, na samaki wa kwetu kwenye sahani moja, kama alivyozoea, eti ndoa ya makabila. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinitoka isipokuwa haya:

"Zile risasi zako zimekaa sana. Hewa ya ziwa ni mbaya. Lete nikubadilishie."

"Si wewe ndiye ulinichagulia?" alicheka. "Omera, hizo ndizo zinanilaza usingizi. Ziko ndani ya bastola, leo imefungiwa kwa sanduku la nguo na mama watoto ameenda na ufunguo kwa jirani. Kesho nitaleta."

Mke wake alikuwa ametoka punde tu. Ningeweza kumngoja. Ningeweza kusema, zitoe sasa hivi, zimekufa, mimi ndiye niliyekupa. Kisanduku kilikuwa mfukoni mwangu, kimenigusa paja muda wote wa chakula. Nilimaliza samaki, nikaosha mikono, nikasema haya, kesho.

Alisahau. Nilijua atasahau. Jumapili iliyofuata aligonga paji la uso wake alipokuwa ananisalimia, "Wii, zile risasi!" nami nikamwambia si neno, siku yoyote. Jumapili nyingine hakugonga paji, nami nikajitia hamnazo. Ikawa mwezi, ikawa miezi. Usahaulifu wake ukawa kivuli cha kunipumzisha. Nilijiambia nimefanya yangu, sasa ni yeye.

Walikuja mchana kweupe, siku ya Jumanne, katika miaka ya sabini mwanzoni. Walikuwa watatu, wamevaa vizuri, walishuka kwenye lori lililokuwa linaelekea Nairobi. Hawakuwa na mikuki wala majivu. Walimsalimu kwa lugha ya mama yake. Mke wake alinieleza baadaye jinsi mumewe alivyofurahi, jinsi alivyowauliza wametoka kijiji gani, jinsi alivyomwita kutoka nyuma awapikie chai wageni wa nyumbani. Alipoinama kuwafungulia soda, mmoja wao akachomoa panga kutoka kwenye gunia alilokuwa amelikunja kwapani. Rafiki yangu alirudi nyuma hatua mbili, akatoa bastola mfukoni, akaielekeza. Mke wake alisikia mlio mdogo, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Kisha hakuna kitu. Akamwona mume wake ameinamisha kichwa, anaitazama bastola, anahangaika na kile kidude cha pembeni kwa kidole gumba. Juu, chini. Juu, chini. Ndivyo alivyokuwa panga lilipomfikia.

Alikaa hospitali siku tatu. Siku ya pili aliweza kusema. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda tangu asubuhi, na nilikuwa nimekata kauli kwamba akifumbua macho nitamwambia. Alifumbua.

"Omera," alisema, "usinikasirikie."

"Nikukasirikie kwa nini?"

"Ulinifundisha mara kumi." Alipumua kwanza. "Nilisahau ile kitu ya usalama. Nilikuwa nashusha, kumbe napandisha. Kichwa yangu, unaijua kichwa yangu."

Alikuwa ananiomba msamaha. Nilifungua kinywa. Namwona bado akinitazama, anangoja nimwambie si neno, nami ndicho nilichomwambia. Si neno, mzee, lala. Akalala, na kesho yake adhuhuri akafa.

Askari mmoja aliileta bastola dukani katika mfuko wa karatasi. Alitaka mtu wa bunduki aseme ilikuwa na hitilafu gani, wamalize faili. Nilivuta kifuniko nyuma mbele yake, risasi iliyokuwa tumboni ikarukia kiganjani mwangu. Pale nyuma, katikati ya fataki, palikuwa na kidonda kidogo cha pini. Pini ilikuwa imegonga vizuri kabisa, na usalama ulikuwa umeshushwa kama nilivyomfundisha. Hakusahau. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusahau. Nilikunja kiganja.

"Jaribu hiyo ingine," askari aliniambia.

Tulienda uani. Sikuwa na mgomba siku hiyo, nikapiga gunia la mchanga. Ile iliyokuwa inafuata katika bastola ya rafiki yangu, ambayo ingeingia mahali pake kama angejua kuvuta kifuniko mara moja tu, ililia hata njiwa wakaruka kutoka kwenye paa.

"Kumbe risasi ni nzuri," askari alisema. "Basi ni yeye hakufungua usalama. Andika hapo, weka sahihi."

Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hizo.

Mwili uliondoka Kisumu kwa lori lake mwenyewe, likiendeshwa na shemeji yake. Mjomba wangu alikuja kuaga. Marehemu hakuwa mtu wa kabila lake wala wa ukoo wake, lakini alijipaka majivu, akachukua mkuki, akalikimbilia lori lile barabarani peke yake, mzee wa magoti mabovu, akichoma hewa na kukifukuza kifo kutoka mlango wa Mkikuyu aliyempa maji. Watu walisimama kumtazama. Sikuweza kumtazama.

Mjane wa rafiki yangu alinijia kabla ya kupanda lori. Ile karatasi ya polisi alikuwa amesomewa. Alinishika mikono yote miwili, na katikati ya machozi akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemsamehe mwenzake udhaifu wa siku zote.

"Shemeji, usijilaumu," aliniambia. "Wewe ulimfundisha. Unajua vile alikuwa, hata kofia yake alikuwa anaisahau. Nitawaambia watoto hivyo wakikua, baba yao alisahau."

Nilimwambia safari njema. Kofia yake ilikuwa imebaki dukani kwetu, juu ya msumari, tangu wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimekuja nayo, nikamkimbizia nikampa kupitia dirisha la lori.